Nahodha amerudi na hukumu imekwisha kutolewa: je, ushahidi mpya waweza kumsaidia mfungwa?

Swali: Assalamu alaykum, wakili. Kaka yangu ni baharia wa mashua ya uvuvi hapa Malindi. Mwaka jana hakimu alimfunga miaka 12 kwa wizi wa mabavu uliotokea mjini usiku wa saa 2. Alijitetea mwenyewe, hakuwa na wakili, akasema usiku ule alikuwa baharini upande wa Ngomeni. Lakini nahodha wake alikuwa amekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, huko Kiwayu upande wa Lamu, na hatukumpata. Rufaa hatukukata kwa sababu pesa hatukuwa nazo. Sasa nahodha amerudi na yuko tayari kuapa, na katika daftari la BMU, kikundi kinachosimamia ufuo wa wavuvi, mashua yao imeandikwa siku ile. Tena nasikia yule aliyeibiwa ameanza kusema hana hakika kama ni kaka yangu aliyemwona. Je, kesi yaweza kufunguliwa upya? Na kaka aweza kutoka kwa dhamana tukisubiri?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Pole kwa yaliyowafika, na pole zaidi kwa kuwa ndugu yako alisimama peke yake mbele ya hakimu kujibu shtaka zito namna hiyo.

Sheria ya Kenya inaruhusu mtu aliyekwisha kuhukumiwa kuleta ushahidi ambao haukusikilizwa katika kesi yake. Lakini njia ninayokushauri siyo ile ambayo watu wengi huikimbilia wakisikia maneno “kufungua kesi upya”. Nakushauri muombe Mahakama Kuu ya Malindi iwaruhusu kukata rufaa nje ya muda, na ndani ya rufaa hiyo muombe ushahidi wa nahodha upokewe. Vilevile mjiandae mapema kwa swali ambalo jaji atauliza kabla hajajishughulisha na ukweli wa maneno ya nahodha: kwa nini mtu huyu hakuletwa mahakamani wakati kesi inasikilizwa? Maombi mengi ya aina hii huanguka hapo, ushahidi wenyewe ukiwa haujaguswa.

Nianze na njia ile inayojulikana zaidi. Ibara ya 50(6) ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu aliyetiwa hatiani haki ya kuiomba Mahakama Kuu iamuru kesi yake isikilizwe upya, iwapo mambo mawili yamekamilika. La kwanza ni kwamba rufaa yake imekataliwa na mahakama ya juu kabisa aliyokuwa na haki ya kuifikia, au hakukata rufaa katika muda uliowekwa. La pili ni kwamba umepatikana ushahidi mpya na mzito. Mwaka 2014, katika shauri la Luteni Kanali Tom Martins Kibisu, Mahakama ya Juu (Supreme Court), iliyo juu ya mahakama zote nchini, ilieleza maana ya maneno hayo. Ushahidi mpya ni ule ambao haukuwepo wakati wa kesi, na ambao hata kwa bidii ya kutosha usingeweza kupatikana wakati huo. Ushahidi mzito ni ule ambao ungekubalika mahakamani, wenye nguvu ya kuthibitisha na wa kuaminika, na ambao kama ungetolewa, yamkini uamuzi ungekuwa mwingine. Kizingiti hicho kiko juu, na mwombaji katika shauri hilo hakukivuka.

Kwa maneno ya Ibara hiyo, ndugu yako anaweza kuingia kwa mlango huo leo, kwa sababu hakukata rufaa na muda umepita. Mimi nisingeanza nao. Anayefanikiwa kwa Ibara ya 50(6) hapati kuachiliwa. Anapata kesi mpya, yenye mashahidi wale wale na hatari ile ile ya kutiwa hatiani mara ya pili. Zaidi ya hayo, jaji anayesikiliza ombi hilo hashughuliki na makosa mengine ya kesi ya kwanza, kama vile namna mlalamishi alivyomtambua mtu gizani au namna hakimu alivyoupima utetezi. Anautazama ushahidi mpya tu. Na mkiomba hivyo mkashindwa, kisha mkarudi kuomba rufaa iliyochelewa, mtakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini hamkuanza na rufaa.

Rufaa ni pana zaidi. Muda wa kukata rufaa kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 14, kwa mujibu wa kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, lakini kifungu hicho hicho kinamruhusu jaji kuipokea rufaa iliyochelewa ikiwa kuna sababu njema. Tena kinamlazimu kuipokea ikiwa ucheleweshaji ulitokana na mfungwa au wakili wake kushindwa kupata nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi katika muda wa kuridhisha baada ya kuiomba. Kwa hiyo mtafute kama ndugu yako aliwahi kuomba nakala hizo, na lini. Karatasi moja yenye muhuri wa gereza au wa masjala ya mahakama inaweza kuwa na thamani kubwa. Umaskini na kukosa wakili navyo vielezwe kwa ukweli katika hati ya kiapo, bila kutiwa chumvi. Isitoshe, mfungwa hahitaji wakili ili kuwasilisha rufaa: kifungu cha 351 kinamruhusu kuikabidhi kwa ofisa msimamizi wa gereza, naye ana wajibu wa kuifikisha mahakamani.

Rufaa ya kwanza ikishapokelewa, jaji hafungwi na aliyoyaamini hakimu. Tangu shauri la Okeno la mwaka 1972, mahakama zetu zimeshikilia kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza lazima iupitie ushahidi wote upya, iupime na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho. Maana yake ni kwamba udhaifu wa utambuzi wa usiku, ukimya wa polisi kuhusu utetezi wa ndugu yako na maneno ya nahodha yatawekwa katika mizani moja. Baada ya hatua hii nafasi inakuwa finyu mno, kwa sababu rufaa ya pili, ya kwenda Mahakama ya Rufaa, husikiliza hoja za kisheria tu. Nahodha asiposikilizwa Mahakama Kuu, asitarajie kusikilizwa juu yake.

Kinachoruhusu ushahidi kuongezwa ndani ya rufaa ni kifungu cha 358. Jaji akiona ushahidi wa ziada unahitajika, ataandika sababu zake, kisha atausikiliza mwenyewe au atamwagiza hakimu ausikilize na kuurudisha kwake ukiwa umethibitishwa. Ndugu yako au wakili wake atakuwepo, isipokuwa jaji aamuru vingine, na upande wa mashtaka utamhoji nahodha kama shahidi mwingine yeyote. Vigezo vinavyofuatwa vilitoka Uingereza, katika shauri la Parks la mwaka 1961, vikapokelewa huku kwetu kwa shauri la Elgood, lililochapishwa katika ripoti za kesi za Afrika Mashariki za mwaka 1968. Mahakama inataka kujua kama ushahidi haukuweza kupatikana wakati wa kesi, kama unahusu hasa suala linalobishaniwa, na kama ni wa kuweza kuaminika. Kisha inajiuliza kama ushahidi huo, ukiunganishwa na uliotolewa mwanzo, ungeweza kuleta shaka ya maana juu ya hatia. Ulinganishe na kizingiti cha Ibara ya 50(6): kule uoneshe kwamba yamkini uamuzi ungebadilika, huku inatosha kuonesha kwamba shaka ingeweza kuingia. Kwa mtu ambaye utetezi wake ni kwamba hakuwepo, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Hapa ndipo penye ugumu wa kesi yenu, na nisingependa uufahamu kwa mara ya kwanza mbele ya jaji. Utetezi wa kutokuwepo mahali pa tukio ni mgumu kuuita mpya, kwa sababu mshtakiwa mwenyewe alijua tangu siku ya kukamatwa alikuwa wapi na nani. Kiongozi wa mashtaka atasema hivyo hivyo: ndugu yako alimjua nahodha wake, alijua jina la mashua, alijua kuna daftari ufukweni, basi ni nini kipya? Jibu lenu lisiwe kwamba habari ni mpya. Liwe kwamba habari ilikuwepo na ilisemwa, ila shahidi hakuweza kufikiwa licha ya juhudi. Jibu hilo linasimama au kuanguka kwa kumbukumbu za mahakama. Pateni nakala ya mwenendo wa kesi na muisome neno kwa neno. Je, ndugu yako alimtaja nahodha kwa jina? Je, aliomba kesi iahirishwe ili amtafute, na hakimu akajibu nini? Je, alimwambia polisi aliyeandika maelezo yake kwamba alikuwa baharini, na polisi akafuatilia? Kama alisema tangu mapema na hakuna aliyekwenda kuuliza ufukweni, mna hoja ya pili inayosimama hata bila ushahidi mpya. Shauri la Kiarie la mwaka 1984 lilisisitiza kwamba mshtakiwa anayesema hakuwepo hana mzigo wa kuthibitisha hivyo. Inatosha utetezi wake uingize shaka isiyokosa msingi. Lakini kama jina la nahodha linatajwa kwa mara ya kwanza leo, mjue safari itakuwa nzito.

Juhudi za kumtafuta zithibitishwe na waliozifanya, kila mmoja kwa kiapo chake. Aliyepiga simu aseme alipiga namba ipi na wakati gani. Aliyetuma ujumbe kwa mashua iliyokuwa ikielekea Lamu amtaje aliyeupeleka. Nahodha naye aeleze aliondoka Malindi lini, alikaa dago hadi lini, na alipata habari ya kufungwa kwa baharia wake kwa njia gani. Sisi wa pwani tunajua kwamba mtu akifuata samaki anaweza kukaa msimu mzima wa kaskazi mbali na kwao. Jaji aliyekulia bara huenda asilijue hilo, na si kazi yake kulikisia, liandikwe.

Sasa daftari. Usilichukue, usiombe mtu akutolee ukurasa, wala usimruhusu yeyote aongeze neno hata kwa nia njema ya kufafanua. Libaki mikononi mwa anayelitunza, naye ndiye atakayelileta mahakamani na kueleza huandikwa vipi, na nani, na saa ngapi. Kisha lisome kwa macho ya mpinzani wako. Kwa kawaida madaftari haya huandika jina la chombo, nahodha, aina ya samaki na kilo zilizoshushwa. Majina ya mabaharia mara nyingi hayamo. Kama limeandika chombo na nahodha tu, linathibitisha kwamba mashua ilishusha samaki siku fulani. Halithibitishi kwamba ndugu yako alikuwa ndani yake. Pengo hilo litajazwa na nahodha, na pengine na mabaharia wengine wa safari ile, ambao sioni umewataja. Watafuteni hao. Wao walikuwepo mjini wakati wa kesi au hawakuwepo? Kama walikuwepo, mtaulizwa kwa nini hawakuitwa, na lazima muwe na jibu la kweli.

Muangalie pia saa. Wizi ulitokea saa 2 usiku. Daftari linasema mashua ilishusha samaki lini? Ikiwa ni alfajiri ya siku iliyofuata, linakwenda sambamba na safari ya usiku kucha, na lina nguvu. Ikiwa ni alasiri ya siku yenyewe, linakuumizeni, kwa sababu mtu aliyeshuka Malindi alasiri anaweza kuwa mjini saa 2 usiku. Kama mna picha ya ukurasa iliyopigwa kwa simu, ihifadhini kama tahadhari, lakini mkumbuke kwamba kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinadai cheti maalumu kwa ushahidi wa kielektroniki. Daftari lenyewe ni bora kuliko picha yake.

Nahodha ataulizwa anaukumbukaje usiku mmoja kati ya usiku mwingi wa baharini. Asipangiwe jibu, amweleze wakili kwa njia yake mwenyewe, naye wakili aandike. Wavuvi wetu mara nyingi hawakumbuki tarehe, ila hukumbuka kama maji yalikuwa bamvua au maji mafu, kama palikuwa na mwezi au giza, ni nani aliyekuwa akichota maji ya ngamani, wavu ulichanika wapi. Kumbukumbu kama hizo zina uzito kwa sababu zinaweza kupimwa: mwezi wa tarehe ile unajulikana, na majedwali ya maji kupwa na kujaa yapo. Lakini kipimo hicho hukata pande zote mbili. Nahodha akisema palikuwa na giza totoro na kalenda ikaonesha mwezi mpevu, kiongozi wa mashtaka hatahitaji swali la pili. Afadhali aseme “sikumbuki” pale asipokumbuka. Asilipwe chochote, wala asiahidiwe. Nauli ya kuja mahakamani wakili ataeleza namna ya kuishughulikia wazi.

Kuhusu aliyeibiwa, nakuomba kwa msisitizo: usiende nyumbani kwake, usitume mzee wala jamaa kwenda kuzungumza naye, hata kama nia yenu ni kumsikiliza tu. Shahidi anayegeuza maneno baada ya hukumu hutazamwa na mahakama kwa mashaka makubwa, kwa kuwa jaji hujiuliza kwanza ametishwa, amelipwa au amesihiwa na nani. Ziara moja ya familia yaweza kuharibu maneno ambayo yangeaminika, na yaweza kuwaleta ninyi wenyewe mbele ya sheria kwa kuingilia shahidi. Desturi yetu ya kukaa na kusuluhishana inafaa kwa mengi, lakini hapa aliyemshtaki ndugu yako ni Jamhuri, na mlalamishi hawezi kumsamehe kwa niaba yake. Mwelezeni wakili mlichosikia na mlikisikia kwa nani. Yeye ndiye atakayeamua kama amwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma au aombe mlalamishi aitwe tena kwa amri ya jaji. Tofautisheni pia “sina hakika tena” na “nililazimishwa kumtaja”. La kwanza huenda likawa uchovu wa mtu aliyechoka na kesi. La pili linahitaji maelezo ya nani alimlazimisha, wapi na lini.

Mtakutana na watu watakaowaambia kwamba fulani alipunguziwa kifungo, au kesi ya fulani ilirudishwa, kwa hiyo na yenu itarudishwa. Ulizeni kwa msingi gani. Uamuzi wa Muruatetu wa mwaka 2017 ulihusu adhabu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji, na Mahakama ya Juu ikafafanua mwaka 2021 kwamba hauendi mbali ya hapo. Shauri la Karisa Chengo na wenzake, lililotoka hapa hapa Malindi na kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017, lilihusu kama jaji aliyeteuliwa kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi alikuwa na mamlaka ya kusikiliza rufaa ya jinai. Yote mawili ni maamuzi makubwa, lakini hayakuhusu shahidi aliyepatikana baadaye, na ombi lililonakiliwa kutoka huko litakataliwa.

Kwa gharama, ulizeni kwanza Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na muulize gerezani kama kuna wasaidizi wa kisheria wanaowaandikia wafungwa. Ombi la kuongeza muda halihitaji maneno mengi. Ombi la kifungu cha 358 ndilo linalohitaji mkono wa wakili, kwa sababu viapo vikiandikwa vibaya mara ya kwanza, kila marekebisho yataonekana kama hadithi inayobadilishwa.

Sasa dhamana. Kifungu cha 357 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu jaji kumwachilia mkata rufaa kwa dhamana akisubiri, lakini mtu aliyekwisha kutiwa hatiani hana tena ile dhana ya kutokuwa na hatia aliyokuwa nayo kabla ya hukumu. Kwa shauri la Jivraj Shah la mwaka 1986, kinachoangaliwa zaidi ni kama kuna hali zisizo za kawaida, na kama rufaa inaonekana wazi kuwa na nafasi ya kufaulu. Kwa maoni yangu, msiiombe siku mnayowasilisha rufaa. Subirini hadi jaji akubali kuupokea ushahidi wa nahodha, kwa maana wakati huo mtakuwa na amri ya mahakama yenyewe inayosema kwamba kuna jambo la kusikilizwa. Ombi la haraka likikataliwa, la pili litaanza na doa.

Rufaa ikifaulu, jaji anaweza kumwachilia huru moja kwa moja au kuamuru kesi isikilizwe upya. Shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966 liliweka kwamba kesi haiamriwi kurudiwa ili tu upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Hoja hiyo wakili wenu aiweke mezani mapema, pamoja na muda ambao ndugu yako amekwisha kukaa gerezani na ugumu wa kuwapata tena mashahidi. Wiki hii nendeni masjala mkaombe nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu kwa barua, na barua hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa mbele yenu. Nahodha naye aonane na wakili kabla pepo hazijageuka na yeye kuondoka tena.